Nzi Vipofu wa Daktari Nafula

Shida ilinishika mwaka wa 1991, nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mume wangu alikuwa utingo wa lori. Asubuhi moja alivuka Malaba kuelekea Kampala na hakurudi. Msimlilie, hakufa. Alihama. Huko mbele alipata mke mwingine, na madereva wakawa wananiletea salamu zake mpaka nikawaambia wabaki nazo. Niliachwa na watoto watatu na elimu ya darasa la tatu. Elimu hiyo haijaongezeka hata leo. Kuandika kwingine nilijifundisha kwa kubandika majina kwenye chupa za nzi, ndiyo maana herufi zangu ni ndogo.

Nimestaafu juzi, na nyinyi vijana wa chumba cha nzi mmeniomba niwaandikie. Mambo ya vyeo na mshahara sitaandika, hayo ulizaneni wenyewe. Nitaandika kazi.

Wakati huo nilikuwa nauza ndizi mbivu kando ya foleni ya malori pale Malaba. Ndizi zilitoka Uganda kwa baiskeli, zimeiva mpaka zinatoa machozi. Na palipo na ndizi ya namna hiyo kuna wale nzi wadogo wenye macho mekundu, hawazidi punje ya wimbi. Walikuwa maadui wangu. Mnunuzi akiwaona anafikiri ndizi imeoza, kumbe ndiyo tamu. Nilikuwa nawatenga kwa akili: lile fungu bovu kabisa naliweka mbali kidogo, wanakimbilia huko, na zile nzuri nazifunika kwa gunia lenye maji.

Siku moja gari dogo lilisimama, akashuka mwanamke wa rika langu, miwani usoni, viatu vya vumbi. Akapita ndizi nzuri zote na kuinama kwenye lile fungu bovu.

"Mama, habari ya biashara?"

"Mbaya. Nunua iwe nzuri."

"Hizi nzi zako ni safi sana."

"Hizo ni za bure. Beba."

Akatoa chupa kwenye mfuko wa koti na kuanza kuwabeba kweli. Mimi nikatazama kama kuna mtu wake karibu wa kumshika mkono.

"Dada, wewe ni mzima?"

"Mimi ni daktari."

"Daktari wa nzi? Kwani wanaumwa wapi?"

"Macho," akasema, wala hakucheka.

Huyo ndiye Daktari Nafula, mtu wa Funyula, mtoto wa mkulima. Alikuwa amesomea ng'ambo jinsi nzi anavyoona. Akarudi na kupewa chumba kimoja katika stesheni ya wadudu iliyoko kwenye barabara ya Busia, mahali ambapo wengine wote walikuwa wakishughulika na funza wa mahindi. Alipita kwangu mara nyingi baada ya hapo, na kila mara alisimama kutazama ninavyowatenga wale wadudu. Mwishowe akaniambia, "Mama Amoit, kuja unichungie nzi." Nikauza ndizi zilizobaki kwa bei ya hasara nikaenda.

Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Chumba kizima rafu, rafu zote chupa, na kila chupa ina uji mzito chini na nzi juu, imezibwa kwa pamba. Kule Malaba nilikuwa nawafukuza. Hapa wanapikiwa! Fundi wa stima na mashine, Opiyo, alinipokea mlangoni. Huyu alikuwa mtu wa Osieko aliyekataa uvuvi kwa sababu anaogopa maji, na hilo alilisema mwenyewe bila aibu.

"Karibu kwa zizi, mama. Maziwa hakuna, lakini ng'ombe ni wengi."

Uji wa nzi mnaujua: unga wa mahindi, hamira, sukari nguru, na ule unga wa kugandisha uliokuwa ukitoka Nairobi kwenye mkebe. Sukari nguru nilichagua mimi, kwa kuonja. Ile nyeusi sana inaleta ukungu. Uji ukiwa mwepesi, nzi wanazama. Ukiwa mgumu, funza wao hawachimbi. Pima kwa kidole, usipime kwa saa. Na nzi waliolazwa kwa dawa ya usingizi wapange kwa unyoya wa kuku, ule mwembamba wa shingoni. Brashi za dukani huvunja mabawa. Hayo yote nilifundishwa na Daktari, isipokuwa unyoya. Unyoya ni wangu.

Kile alichokuwa anakitafuta nilikielewa siku tulipokwama Malaba, tumetoka kununua sukari. Malori yalikuwa yamesimama hadi kwenye mlima, geti limefungwa. Nikamuuliza, "Daktari, mimi napika uji, naosha chupa, nahesabu mabawa. Lakini jicho la nzi linakusaidia nini?"

Akanyoosha kidole kwenye geti. "Ndani ya jicho la nzi kuna milango kama ule. Mwanga ukigonga, mlango unafunguka na kalsiamu inaingia. Hapo ndipo nzi anaona."

"Na nani anafunga?"

"Kalsiamu yenyewe. Ikishaingia ya kutosha inaamsha protini za ndani, na hizo protini zinaambia mlango: basi, punguza."

"Yaani lori likishapita ndilo linaenda kumwambia askari afunge?"

"Ndiyo."

"Hapa Malaba hatuna lori la adabu hiyo."

Alicheka, kisha akanionyesha wakala mmoja wa forodha, mwanamume mnene aliyekuwa amemkalisha dereva, karani na mtu wa geti kwenye benchi moja. "Umemwona huyo? Hafungui geti, hafungi geti. Kazi yake ni kuwaweka wenzake karibu. Hata jichoni kuna protini ya namna hiyo. Imeushika mlango kwa mkono huu, na wale wanaoufungua na kuufunga kwa mkono ule. Ikikosekana kila mmoja yuko kwake, na ujumbe unachelewa."

Tangu siku hiyo kalsiamu sikuiogopa tena. Mtu wa Malaba haelezwi mara mbili habari ya geti.

Sasa, katika zile chupa kulikuwa na ukoo mmoja uliokuwa roho ya kazi nzima. Tuliwaita Vipofu wa Mchana. Walikuja kutoka ng'ambo kwenye kichupa kidogo. Macho yao ni mekundu kama ya nzi wa sokoni, mwili sawa, mwendo sawa. Lakini mlango wao wa kalsiamu umezaliwa mbovu. Kwenye mwanga hafifu wanaona kama wengine. Ukiwapiga mwanga mkali wanaona kwa muda mfupi tu, halafu jicho linazima na taa bado inawaka. Daktari alisema ukitaka kujua protini zinavyouongoza mlango, lazima uwe na nzi wa mlango mzima na nzi wa mlango mbovu, uwaweke kwenye mashine moja, ulinganishe.

Mashine hiyo iliazimwa kutoka Nairobi mwaka wa 1996. Ilikuwa na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, ndani yake maji ya chumvi. Unamnasa nzi kwa nta, unagusisha sindano kwenye jicho, unawasha taa, na kalamu inachora kwenye karatasi kile ambacho jicho linasema. Tatizo lilikuwa barabara. Lori likipita, sindano inatetemeka na kalamu inachora milima ya Elgon. Opiyo akaenda Malaba akarudi na tyubu za magurudumu ya lori, akazijaza upepo, akaweka bamba la zege juu yake na mashine juu ya bamba. Sindano ikatulia. "Lori limeleta shida, lori limeleta dawa," akasema, akajipongeza kutwa nzima.

Mashine ilikuwa yetu mpaka kabla ya Krismasi. Wakubwa walisema wazi: Daktari akikosa picha za Vipofu kabla mashine haijachukuliwa, chumba kinafungwa, yeye anapelekwa kwa funza wa mahindi. Miaka yake yote ya kusoma ingeishia kwenye mabua.

Kwanza utitiri ukaingia. Wale wadudu weupe wadogo wanaopanda nzi kama abiria. Tulichemsha, tulichoma, tulimwaga, na chupa za akiba za Vipofu zikafa zote. Ikabaki chupa moja nzima. Daktari akasema atawahamisha mwenyewe kwenye uji mpya, kwa mkono wake, asubuhi moja ambayo kumetulia.

Asubuhi hiyo ndipo mama yake alipokuja kutoka Funyula.

Niseme habari ya Mama Mzee. Alikuwa mfupi, mnyoofu kama mwiko, na alikuwa amekuja kuona mahali ambapo mtoto wake anafanya kazi. Kwenye mlango wa chumba kile kulikuwa na kibao: tunda lolote lisiingie. Mama Mzee hakujua kusoma, na hata angejua, nani angemwambia mama mzazi asimame nje? Aliingia na mkungu wa ndizi mbivu kichwani. Mimi nilisikia harufu kabla sijauona. Ndizi za kuiva vile nimeziuza miaka, najua wadudu wanaosafiri nazo.

"Nafula mwanangu! Nipokee, shingo inavunjika!"

Daktari alikuwa na ile chupa mkononi, pamba imetolewa. Sasa niambieni nyinyi: mama yako ameinamisha kichwa, mzigo wake ni zawadi yako, utampokea kwa mkono mmoja? Akaiweka chupa mezani ikiwa wazi, akapokea mkungu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mimi niliruka nikaziba kwa kiganja, nikatafuta pamba. Lakini wale wadogo wa ndizi walikuwa tayari wanazunguka juu ya meza kama wako nyumbani.

Na mkungu ukakaa pale pale mezani. Zawadi haitolewi nje mtoaji akitazama. Tulisimama watatu, Daktari, Opiyo na mimi, tukitabasamu mpaka mashavu yakauma, Mama Mzee akizunguka rafu.

"Na hawa ndio gani?"

"Hao ni vipofu, mama," Daktari akasema.

"Vipofu! Wote?" Akaweka mkono juu ya chupa. "Maskini. Tuombe."

Akaomba. Si ombi fupi la kunawa mikono, ombi refu la Funyula, lenye watu wa ukoo wote ndani. Opiyo alifumbua jicho moja, akatazama nzi wanaoruka, akalifumba tena. Tukasema amina. Baadaye tukala zile ndizi, na zilikuwa nzuri, lazima niseme ukweli.

Tulijipa moyo kwamba hakuna nzi wa ndizi aliyeingia chupani. Ile chupa ikazaa, tukagawa, tukajaza chupa kadhaa. Wajukuu walipotoka nikawapima kama kawaida: bomba refu la kioo, nzi upande mmoja, taa kali upande wa pili. Vipofu hubaki wakizurura bila mpango. Siku hiyo walikimbia kwenye taa kama watoto waliosikia mandazi.

"Daktari," nikaita. "Kuja uone. Wanaona."

Alitazama kwa muda mrefu, akavuta kiti akakaa. "Wamezaa na wa nje. Mtoto akipata mlango mzima kutoka kwa mzazi mmoja, anaona. Mama Amoit, ukoo umepotea."

Opiyo ndiye aliyeharibu zaidi. Alikutana na Mama Mzee sokoni Funyula na mdomo wake haujui breki. Wiki hiyo hiyo mama akaja tena, safari hii na akina mama wawili wa kanisa, wakiimba tangu kwenye geti.

"Wameona! Nimeambiwa wameona! Si niliomba?"

Daktari akatoka nje, akampokea, akawakalisha kivulini kwenye ukuta, akamweleza mama yake polepole, kwa Kisamia. Sikushika yote. Nilishika uso wa yule mzee ukibadilika, na wale wa kanisa wakishusha nyimbo moja moja.

"Kwa hivyo nzi kuona ndiyo hasara?" akauliza kwa Kiswahili, ili hata mimi nijibu.

"Ndiyo, mama," nikasema. Mimi sizungushi maneno. "Wakiona, mtoto wako anapoteza kazi."

Halafu akasema, "Tangu niokoke nimeombea vipofu waone. Sijawahi kuombwa niombe nzi apofuke."

"Jaribu tu, mama," Opiyo akasema.

"Wewe nyamaza, ndiwe uliyenifanya niimbe barabarani." Akainua mikono. "Mungu, hawa wadudu wa mtoto wangu, warudishe vile ulivyowaumba kwanza. Amina." Hilo lilikuwa fupi. Nadhani alikuwa anaona haya kidogo.

Sisi tukaingia kazini. Daktari alisema ukoo umejificha, haujafa: katikati ya wale wanaoona bado kuna vipofu safi. Ukimpata dume kipofu na jike kipofu ambaye hajaguswa, watoto wao wote watakuwa vipofu. Kazi ni kuwapata. Na hapa, vijana, sikilizeni, maana ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya: nzi kipofu na nzi mvivu wanafanana. Wote wawili hawaendi kwenye taa.

Daktari akanifundisha kuwatenga. Kwanza mpe mwanga hafifu. Mvivu hatembei hata hapo, mtupe. Anayetembea, mpige mwanga mkali. Akiendelea kuja, anaona, mtupe. Akipotea njia katikati ya mwanga, mpe giza apumzike, kisha umrudishie mwanga hafifu. Akitembea tena, huyo ndiye. Mmoja mmoja, bombani, kutoka asubuhi mpaka macho yangu yenyewe yanakuwa ya kalsiamu mbovu.

Majike niliwakusanya wakitoka tu kwenye maganda, weupe bado, wana doa jeusi tumboni, kabla dume hajawafikia. Opiyo alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Mama Amoit, mahari ya hawa analipa nani?" Nikamwambia akileta mdomo wake karibu nitampima yeye kwenye bomba.

Niliwaoza kwenye vichupa vidogo, jozi moja kila kichupa. Vichupa vingine watoto walikimbia kwenye taa. Nikamwaga. Vingine nusu walikimbia. Nikamwaga. Kufikia Desemba jozi moja tu ilikuwa imebaki sijaipima watoto. Walitoka siku ile ile ambayo gari la Nairobi lilikuja kuchukua mashine.

Dereva alikuwa mtu wa haraka. "Wapi mzigo? Nataka kufika Kisumu na jua."

Nikapima watoto. Mwanga hafifu: wote wanakuja. Mwanga mkali: wote wakapotea, wakazunguka, wakagongana kama watu waliotoka sinema mchana. Mwanga hafifu: wakaja tena. Hata mmoja hakukosea!

"Daktari, ni hawa. Ni hawa wote!"

"Hakuna muda," akasema. "Ile mashine inataka kutwa."

Lakini Mama Mzee alikuwa amekuja asubuhi hiyo kumfariji mtoto wake, na alisikia. Akatoka nje akamshika dereva mkono.

"Mwanangu, umetoka Nairobi?"

"Ndiyo, mama, lakini nina haraka..."

"Na unataka kurudi kwa mama yako na tumbo tupu, aseme sisi wa Funyula si watu? Kaa hapo. Kuku yuko njiani."

Kuku hakuwa njiani. Kuku alikuwa bado anakimbia nyuma ya stoo. Mama Mzee alimfukuza bila haraka yoyote, akamchinja, akachemsha maji, akanyonyoa unyoya mmoja mmoja kama mimi ninavyopanga mabawa. Dereva akachungulia mara kwa mara. "Mama, bado?" "Huyu ni jogoo mzee, mwanangu, huwezi kumla akiwa mgumu." Akapika ugali, akaona haukuiva vizuri, akasonga mwingine. Dereva alikuwa amelelewa vizuri. Hakuweza kuinuka.

Ndani, Opiyo alikuwa ameunganisha betri ya lori maana stima ilikuwa imekatika. Nikamnasa nzi kwa nta, Daktari akashusha sindano. Kwanza nzi wa mlango mzima. Taa ikawaka, mstari ukashuka na kukaa huko chini, ukakaa, mpaka taa ilipozimwa ndipo ukapanda. Kisha mtoto wa jozi yangu. Taa ikawaka. Mstari ukashuka. Halafu, taa ikiwa bado inawaka, ukaanza kupanda taratibu, ukarudi juu kabisa, kana kwamba kumeshaingia giza.

Daktari alitoa vigelegele. Yeye, msomi, mwenye miwani! Mama Mzee akavisikia jikoni, akajibu na vyake, na mwiko mkononi. Tukaendelea, nzi baada ya nzi, mpaka dereva alipomaliza kunyonya mfupa wa mwisho na kuomba maji ya kunawa. Picha zilikuwa zimetosha.

Chumba hakikufungwa. Daktari aliendelea na milango yake na protini zake mpaka alipostaafu akarudi Funyula. Mama Mzee alikuja mara nyingi baada ya hapo, akakaa nje kwenye benchi kwa hiari yake, na hakuomba chochote bila kuuliza kwanza.

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati jipya. Nina ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Nina kisima changu, majirani wanachota. Nina robo eka ya mihogo na baiskeli mbili, moja mbovu. Watoto wangu watatu wamesoma kunishinda, na wananisikiliza. Nzi sina hata mmoja. Vipofu wote wa chumbani ni watoto wa ile jozi, na nimewaachia nyinyi wakiwa vipofu sawasawa.